Pembe Peke

Mjomba Lugembe alirudi kutoka seminari bila kanzu,
na kamusi ya Kigiriki iliyong'oka jalada,
na namna ya kunyamaza kabla ya kula
ambayo hatukujua ni sala au ni hasira.

Mwaka ule mtamba wake alivunja pembe
akijikuna kwenye majabali ya Igombe,
mawe yetu haya yaliyopandiana migongoni
kama watoto wanaochungulia harusi.
Pembe ikabaki kwenye ufa. Ng'ombe akaja nyumbani
kichwa upande, kama anayesikiliza.

Mjomba akamkanda damu kwa maji ya chumvi,
akamwita Monokerosi.

Sisi watoto tuliligeuza jina lile mdomoni
kama mwiba wa sato, tukitafuta nyama.
Majirani hawakuwa na muda huo.
Walisikia walichokuwa nacho tayari: Mwonakero.
"Mwonakero kala mihogo ya nani tena?"
Hata bwana mifugo Magesa, siku ya chanjo,
aliandika hivyohivyo kwenye daftari la serikali,
kalamu nyekundu, herufi kubwa:
MWONAKERO. JIKE. PEMBE 1.

Kisha ikaja habari ya Ng'wasi wa Sangabuye.
Mahari, ng'ombe kumi na wawili.
Wakweze hawakuhesabu vichwa, walihesabu pembe,
mzee mmoja kwa vijiti, akivipanga mchangani,
na vijiti vikagoma kwenye ishirini na tatu.
"Hapa kuna upungufu," akasema.
Hakuna aliyeuliza upungufu wa nani.
Masika yaliyofuata Ng'wasi aliolewa Magu.

Niliuliza maana jioni moja.
Alikuwa anakamua; hakugeuka.
"Kerasi ni pembe. Hiyo rahisi."
Na mono ni moja?
Maziwa yakapiga ndoo mara tatu, mara nne.
"Moja wanayo, neno jingine kabisa, la kuhesabia.
Hili si la kuhesabia. Hili ni peke yake.
Hawakusema pembe moja.
Walisema pembe peke."

Halafu, kwa sauti ya darasani aliyoisahau mwilini:
waliolitamka neno hilo hawakumwona mnyama.
Walisimuliwa na waliosimuliwa,
na huenda wa kwanza kabisa aliona kifaru
kwa mbali, jua likiwa machoni.
Baadaye watafsiri wa maandiko
walikuta mnyama wa Kiebrania wasiyemjua,
wakamvika neno hilohilo, wakaendelea na mstari.
Alipotufikia sisi, kwa Kiswahili, alikuwa nyati.
"Unaona?" akacheka, mara ya kwanza tangu Ng'wasi.
"Pembe ya pili imeota njiani."

Chumba chake kilikuwa na pembe nne.
Alitumia moja: kitanda, chemli, kamusi.

Asubuhi ya zamu yangu nilimpeleka ng'ombe kunywa.
Hakukuwa na upepo. Wanawake walikuwa bado
wanatandaza dagaa, hawajaanza hata kugombana.
Mwonakero akaingia hadi magotini,
akashusha kichwa polepole,
na kutoka chini ya ziwa
ng'ombe mwingine akapandisha chake,
pembe kwa pembe, hadi pua zikakutana.
Nikahesabu mbili.

Akanywa. Ya pili ikakatika vipande,
ikajiunga, ikakatika,
kama kitu ambacho hakijaamua.

Sikumwambia mjomba.
Angetaka kujua, na ile ya majini,
tuiite nini.